Kutoka kidole gizani hadi kamera: historia ya kurekebisha vali za moyo

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu moyo, na wala simaanishi mapenzi.

Kisa chenyewe ni hiki. Binamu yangu aliambiwa na daktari kwamba vali moja ya moyo wake imeharibika na kwamba hana budi kufanyiwa upasuaji. Jioni hiyo hiyo akanipigia simu. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Nimesikia kuna upasuaji wa kamera, wanatoboa kitundu kidogo tu ubavuni, kifua hawapasui. Hebu nitafutie habari zake." Nikamwambia anipe siku mbili. Siku mbili zikageuka majuma matatu, maana kila nilipodhani nimemaliza kusoma nilikuta jambo jingine la kunishangaza.

Nilitarajia kusoma habari za mashine. Nilichokuta ni historia ya watu waliohangaika karibu miaka 100 wakitafuta jambo moja tu: kuona. Waone vipi ndani ya moyo unaopiga? Na swali la pili ambalo halisemwi sana: ni nani anayelipa ili daktari aone?

Kwanza, vali ni nini?

Moyo ni pampu yenye vyumba 4 na vali 4. Vali ni mlango wa njia moja: damu ipite kwenda mbele, isirudi nyuma. Ile tutakayoizungumzia zaidi leo ni vali ya mitrali, iliyo upande wa kushoto wa moyo. Juu yake kuna chumba kinachopokea damu kutoka mapafuni, na chini yake kuna chumba chenye nguvu kinachoisukuma damu hiyo mwili mzima. Vali yenyewe ni vipande 2 vyembamba vya ngozi laini, vilivyoshikiliwa na nyuzi mithili ya kamba za mwavuli wa wanajeshi wa angani.

Mlango huu huharibika kwa njia mbili. Unaweza kubana, damu ikashindwa kupita. Au unaweza kuvuja, damu ikawa inarudi ilikotoka. Kwa vyovyote vile damu inajazana mapafuni, na mgonjwa anaanza kuhema akipanda ngazi, kisha akitembea, kisha hata akiwa amelala.

Unaurekebishaje? Hapo ndipo penye kazi. Sisi watu wa kompyuta tukitaka kukarabati seva, tunaizima saa nane za usiku watu wakiwa wamelala. Moyo hauna saa nane za usiku. Hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na ukisimama dakika chache tu ubongo unaanza kuharibika. Ni kama kuambiwa utengeneze injini ya matatu ikiwa barabarani, abiria wamo ndani, na boneti usiifungue.

Enzi ya giza

Tarehe 20 Mei 1923, mjini Boston, daktari mpasuaji Elliott Cutler alimpasua msichana wa miaka 12 ambaye vali yake ya mitrali ilikuwa imebana. Alipitisha kisu chembamba kwenye ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, moyo ukiendelea kupiga, akakielekeza kwa kukisia mahali vali ilipo, akakata. Hakuona kitu. Msichana yule alipona, akaishi zaidi ya miaka 4. Lakini karibu wagonjwa wote waliomfuata walikufa, na mwisho Cutler akaacha.

Mwaka 1925, London, Henry Souttar alijaribu njia nyingine. Kwenye chumba cha juu cha kushoto kuna kifuko kidogo chenye umbo kama sikio. Souttar alikikata, akaingiza kidole chake hadi kwenye vali, akaipapasa na kuifungua kwa kidole. Mgonjwa wake, msichana vilevile, alipona. Mngedhani kesho yake foleni ingejaa mlangoni. La hasha. Madaktari wa kawaida hawakumpelekea mgonjwa mwingine hata mmoja. Kwao ugonjwa ulikuwa katika msuli wa moyo na si katika mlango, na kuingiza kidole moyoni lilikuwa jambo la wazimu.

Basi miaka zaidi ya 20 ikapita hivi hivi. Vita Vikuu vya Pili vikaja. Daktari wa Kimarekani Dwight Harken, akiwatibu askari huko Uingereza, alitoa vipande vya vyuma kutoka katika mioyo ya askari 13 bila kumpoteza hata mmoja. Ikaonekana wazi kwamba moyo waweza kuguswa na mtu akaishi.

Halafu tunafika kwa Charles Bailey wa Philadelphia. Kisa chake kilininyima usingizi. Bailey alikuwa amejaribu kufungua vali ya mitrali kwa wagonjwa 3, na wote 3 walikufa. Alijua kwamba akishindwa tena hospitali zitamfungia milango. Kwa hiyo alipanga upasuaji mara mbili siku moja, tarehe 10 Juni 1948, katika hospitali mbili tofauti, ili habari za kushindwa asubuhi zisimfikie mtu wa kumzuia alasiri. Mgonjwa wa asubuhi alikufa. Bailey akaondoka, akavuka mji hadi hospitali ya pili. Mgonjwa wa alasiri, mwanamke kijana, alipona. Siku 6 baadaye Harken naye alifaulu mjini Boston, na Septemba mwaka huo huo Russell Brock akafaulu London.

Vitabu vinamwita Bailey shujaa, na pengine ni kweli, kwa kuwa maelfu waliishi kutokana na alasiri ile. Lakini mimi nimekaa nikimfikiria yule wa asubuhi. Sisi tukituma programu yenye hitilafu, tunairudisha ya jana. Yeye hakuwa na toleo la jana.

Taa zinawashwa

Kidole kingeweza kufungua vali iliyobana. Vali inayovuja ni kazi ya sindano na uzi, na kushona gizani hakuwezekani. Ilibidi moyo usimamishwe, ukaushwe damu, ufunguliwe, utazamwe.

John Gibbon aliliwaza wazo hilo mwaka 1931, usiku aliokesha akimwangalia mgonjwa ambaye mshipa wa mapafu yake ulikuwa umeziba kwa damu iliyoganda. Vipi kama mashine ingepokea damu chafu, ikaitia oksijeni, na kuirudisha mwilini? Yeye na mkewe Mary walifanya majaribio kwa miaka mingi. Na hapa wana kompyuta wenzangu mnaweza kujivuna kidogo: kampuni iliyowapa wahandisi na kuwajengea mashine bora zaidi ni IBM, kwa agizo la mkuu wake Thomas Watson. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, mashine ile ilichukua kazi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 kwa dakika 26, huku Gibbon akishona tundu lililokuwa kwenye ukuta wa ndani wa moyo wake.

Wagonjwa wa Gibbon waliofuata walikufa, naye akakata tamaa. Lakini michoro ya mashine yake ilikuwa imefika Mayo Clinic, na huko John Kirklin na wenzake wakaiboresha, wakaanza kuitumia mwaka 1955. Mmoja akichoka, mwingine anaendelea kutoka pale alipofikia mwenzake, mradi michoro haijafichwa kabatini. Hilo tunalijua vizuri sisi wa programu huria.

Mwaka 1958 mhandisi mstaafu, Lowell Edwards, alimwendea daktari kijana Albert Starr huko Oregon akitaka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr akamwambia tuanze na vali moja. Walitengeneza kitu rahisi ajabu: mpira mdogo ndani ya kizimba. Damu ikija mpira unasukumwa mbele, ikitaka kurudi mpira unaziba tundu. Mgonjwa wao wa kwanza alikufa saa chache baada ya upasuaji. Wa pili, tarehe 21 Septemba 1960, alikuwa mwanamume wa miaka 52. Aliishi miaka 10, na hakufa kwa moyo. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka nyumba yake rangi. Huko Ufaransa, Alain Carpentier alifuata njia nyingine ya kuikarabati vali ya mgonjwa mwenyewe kwa kuikata, kuishona na kuizungushia pete, badala ya kuitupa.

Sasa madaktari waliona. Lakini mwanga huo ulikuwa na bei. Ili kuufikia moyo walikata mfupa wa kidari kwa msumeno, kutoka chini ya koo hadi juu ya tumbo, karibu sentimita 20 na zaidi, kisha wakaupanua kifua kwa chuma. Mwisho wa kazi mfupa unafungwa kwa waya. Njia hii ilielezwa mwaka 1897 na Herbert Milton, daktari aliyefanya kazi Cairo, na tangu 1957 ikawa ndiyo barabara kuu ya kuingilia moyoni. Ni barabara nzuri sana kwa daktari. Kwa mgonjwa, ni majuma 6 hadi 12 ya kutobeba hata ndoo ya maji.

Kamera inaingia

Kamera hazikuanzia kwenye moyo. Zilianzia tumboni. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa na mrija wa kuchungulia ndani ya mwili, na katika miaka ya 1960 mrija huo ulipata picha angavu kwa vioo virefu vilivyobuniwa na Mwingereza Harold Hopkins. Lakini aliyechungulia ni mtu mmoja, jicho moja, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Msaidizi wake alisimama kando kama kipofu.

Kilichogeuza mambo ni chipu. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, Willard Boyle na George Smith walibuni chipu ya CCD inayogeuza mwanga kuwa umeme. Katika miaka ya 1980 kamera zilizotumia chipu hiyo zilikuwa ndogo na nyepesi kiasi cha kufungwa kwenye ule mrija. Picha ikatoka kwenye jicho la mtu mmoja ikaenda kwenye skrini, na chumba kizima kikaona: msaidizi, muuguzi, mwanafunzi. Mwaka 1985 Mjerumani Erich Mühe alitoa kifuko cha nyongo kupitia vitundu vidogo, na wakubwa wa fani yake wakambeza. Kabla miaka 10 haijaisha, karibu kila mtu alikuwa akifanya hivyo.

Watu wa moyo wakaanza kujiuliza: na sisi je? Ugumu ulikuwa mkubwa. Nyongo haipigi, na ukiitoa hakuna haja ya kuishona upya. Vali inataka kushonwa kwa umakini wa fundi cherehani, moyo umesimama, na dakika zinahesabiwa.

Mwezi Februari 1996, Carpentier, yule yule wa pete, alikarabati vali ya mitrali kupitia mpasuo mdogo kati ya mbavu akisaidiwa na kamera. Mwezi Mei mwaka huo, Randolph Chitwood wa North Carolina akabadilisha vali nzima kwa njia kama hiyo. Ilivyofanyika ni hivi. Mgonjwa analazwa upande wa kulia umeinuliwa kidogo. Mirija ya mashine ya moyo na mapafu haiingizwi kifuani, bali kwenye mishipa ya kinena. Mpasuo wa sentimita 5 au 6 unakatwa kati ya mbavu za kulia; hakuna mfupa unaokatwa. Kibanio kirefu na chembamba, ambacho Chitwood alikibuni, kinapita kwenye kitundu chake na kuubana mshipa mkuu wa aota. Kamera inapita kwenye kitundu kingine. Kifua kinajazwa hewa ya kaboni dioksidi, kwa sababu Bubujiko la hewa ya kawaida likibaki moyoni laweza kuziba mshipa wa ubongo, ilhali kaboni dioksidi huyeyuka upesi katika damu.

Halafu kazi inaanza, kwa vyombo virefu kama vijiti vya kusokotea sufu. Daktari haangalii tena mwili wa mgonjwa. Anaangalia skrini.

Nilipotazama video ya upasuaji huu nilivutiwa zaidi na jaribio la mwisho. Vali ikishakarabatiwa, chumba cha chini kinajazwa maji ya chumvi kwa nguvu, na wote wanakodolea skrini macho. Vali ikifunga bila kutoa hata tone, imefaulu. Ikivuja, uzi unafumuliwa na kazi inarudiwa. Kisha moyo ukishaanza kupiga, unatazamwa tena kwa mawimbi ya sauti kupitia mrija uliomezeshwa kooni. Laiti sisi tungepima programu zetu kwa uangalifu huo!

Roboti nazo

Kijiti kirefu kinachopita kwenye tundu kina udhia wake: ukipeleka mkono kulia, ncha inakwenda kushoto. Na picha ya kawaida haina kina. Mjini Leipzig, Friedrich Mohr na wenzake walianza kutumia kamera ya pande tatu iliyoshikwa na mkono wa mashine uitwao AESOP, unaotii sauti ya daktari: juu, chini, sogea. Mwezi Mei 1998 Carpentier alikarabati vali ya mitrali akitumia roboti ya da Vinci iliyokuwa bado katika majaribio. Daktari huketi pembeni, macho kwenye kioo, vidole kwenye vishikizo. Kompyuta husoma mwendo wa vidole, huondoa mtetemo, huupunguza, na kuupeleka kwenye vyombo vyenye viwiko na vifundo kama mkono wa mtu. Kulia kukawa kulia tena. Marekani iliidhinisha roboti hiyo kwa upasuaji wa vali ya mitrali mwezi Novemba 2002.

Je, kitundu kidogo ni bora?

Hapa nilitaka kumpigia binamu yangu simu nimwambie: ndiyo, tafuta hiyo ya kamera kwa hali na mali. Nikajizuia, nikasoma kwanza majaribio.

Jaribio zuri zaidi nililokuta lilifanywa Uingereza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2023. Wagonjwa 330 waliokarabatiwa vali ya mitrali waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu kidari kilipasuliwa, nusu walipitia ubavuni kwa kamera. Baada ya majuma 12, uwezo wao wa kufanya shughuli za kawaida haukutofautiana. Ubora wa vali zilizokarabatiwa pia ulikuwa sawa, na usalama vilevile. Waliotumia kamera walipata nafuu mapema zaidi katika majuma ya mwanzo, na walilala hospitalini siku 5 badala ya 6. Faida ipo, ila si ule muujiza unaotangazwa.

Na kuna takwimu nyingine iliyonikalia kichwani. Wale wa Leipzig walipochunguza madaktari wao, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalionyesha kwamba daktari anahitaji kufanya upasuaji kati ya 75 na 125 ndipo aimudu njia hii, na baada ya hapo zaidi ya mmoja kila wiki ili asiusahau. Hebu jiulize: wale 75 wa mwanzo ni nani? Ni swali lile lile la asubuhi ya Juni 1948, ingawa leo limevaa nguo safi zaidi. Kuna msimamizi kando, kuna mazoezi ya kutosha, na ikibidi kidari kitapasuliwa. Lakini swali bado ni lile lile.

Kuna na jambo jingine. Wagonjwa wengi wa jaribio lile wana vali zilizolegea kwa umri. Huku kwetu vali nyingi huharibiwa utotoni. Mtoto anaumwa koo, koo linapona lenyewe, kisha baadhi yao wanapata homa ya baridi yabisi, na kinga ya mwili inaishambulia vali polepole kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 55 wana ugonjwa huu. Vali kama hiyo huwa nene, ngumu, wakati mwingine kama mfupa, na kuikarabati ni shida hata kifua kikiwa wazi. Na kinga ya yote ni penisilini, dawa iliyokuwako tangu kabla ya Bailey kuvuka mji wake.

Basi nikampigia binamu yangu, nikamwambia nilichosoma, bila kumchagulia. Akaenda kwa daktari wake na maswali ameyaandika kwenye karatasi. Daktari akayajibu yote, na kuhusu kitundu kidogo akamwambia kwa utulivu kwamba vali yake imekakamaa, itabidi ibadilishwe, na kwamba mikono yake yeye imezoea njia ya kidari. "Nataka niione vizuri," akasema. Binamu yangu akakubali.

Sasa ana kovu refu kifuani, vali ya bandia ambayo usiku kukiwa kimya huisikia ikilia kama saa, na vidonge vya kuzuia damu isigande atakavyomeza kila siku maisha yake yote. Ngazi anapanda. Na mwanawe akilalamika koo, hangoji kesho: anambeba hadi zahanati jioni hiyo hiyo.

Haya, nimesema mengi leo. Kwaherini, na msipuuze koo la mtoto.